Risala ya Lemuri Mkia-Pete wa Kusini mwa Madagaska kwa Waheshimiwa Viongozi wenye Dhamana ya Misitu

Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya Mazingira na Maendeleo Endelevu wa Jamhuri ya Madagaska;
Waheshimiwa Magavana wa mikoa ya Androy, Anosy, Atsimo-Andrefana, Ihorombe na Matsiatra Ambony;
Waheshimiwa Wakurugenzi na askari wa hifadhi;
Waheshimiwa Mameya;
Wazee wetu wa makabila ya Mahafaly, Antandroy, Bara na Betsileo;
Mabibi na mabwana:

Awali ya yote tunamshukuru Zanahary, Muumba wa vyote, kwa kutuamsha salama tukaota jua la asubuhi ya leo. Wageni wakituona tumekaa kitako, matumbo yameelekezwa kwenye jua na mikono imetandazwa, husema tunasali. Ukweli ni kwamba usiku wa kusini una baridi na manyoya yetu ya tumboni ni mepesi, kwa hiyo huwa tunajipasha moto. Ila leo, kwa heshima ya ujio wenu, tumesali pia.

Waheshimiwa, sisi ni lemuri mkia-pete. Wenyeji hutuita maki. Wataalamu hutuita Lemur catta, jina tulilopewa na Linnaeus mwaka 1758. Kwa Wakomoro na watu wa kaskazini ya kisiwa hiki, lemuri huitwa komba, neno lile lile ambalo Waswahili wa bara humwita nalo binamu yetu wa usiku, yule anayelia mitini kama mtoto mchanga. Mababu zetu walivuka kutoka Afrika makumi ya mamilioni ya miaka iliyopita, huenda wakiwa juu ya magogo na vichaka vilivyosombwa na mafuriko hadi baharini. Hawakufika na hati ya kiwanja, lakini walitangulia kufika.

Risala hii inasomwa na jike mzee. Tunaomba jambo hilo lisiwashangaze. Kwetu majike ndio wanaotangulia kula na ndio wanaoongoza safari, na dume anayenyoosha mkono kwenye tunda kabla ya zamu yake hupigwa kofi. Marehemu Alison Jolly, mtafiti kutoka Marekani aliyefika hifadhi ya Berenty kwa mara ya kwanza mwaka 1963, aliyaona hayo kwa macho yake na kuyaandika katika kitabu chake cha mwaka 1966. Mtanisamehe pia matamshi yangu. Meno yangu mengi yameisha kwa kupasua maganda ya ukwaju, kama yalivyoisha ya wazee wenzangu wa msitu wa Beza Mahafaly, ambako wataalamu wametupima vinywa na kuthibitisha kwamba tatizo ni la wengi.

Kabla ya malalamiko, tunatambua mema tuliyotendewa. Tsimanampetsotsa, ambako baadhi yetu hulala mapangoni, ilianza kulindwa mwaka 1927. Isalo ilipewa hadhi ya Hifadhi ya Taifa mwaka 1962. Nchi hii iliridhia mkataba wa CITES mwaka 1975, na jina letu limo katika Kiambatisho cha Kwanza, kwa wale wasioruhusiwa kuuzwa nje ya nchi kibiashara. Mwaka 1986 Beza Mahafaly ikatangazwa kuwa hifadhi maalumu, kwenye msitu uliotolewa na wanavijiji wenyewe. Kwa hayo yote tunasema ahsanteni sana. Yanayofuata tumeyavumilia kwa muda mrefu, na tunayaleta kwenu tukiamini kwamba mnao uwezo wa kuyatatua.

1. Kuhusu mkwaju. Mheshimiwa Waziri, tunaanza na mkwaju, ambao wenyeji huuita kily, kwa sababu mambo yetu mengi huanzia hapo. Kivuli chake ndilo baraza letu la mchana na matawi yake ndicho kitanda chetu cha usiku. Kiangazi kinapokausha vingine vyote, tunakula majani yake machanga na matunda yake. Mbegu tunazomeza tunaziangusha mbali na mti mama, na mikwaju mingi michanga inayoota kandokando ya mito ni kazi ya matumbo yetu. Lakini mti huu unaotulisha una mbao nzito, na mbao nzito hutoa mkaa mzuri. Katika bonde la mto Mandrare misitu mingi ilikwisha kufyekwa tangu miaka ya 1930 kupisha mashamba ya mkonge. Kusini-magharibi hufyekwa na kuchomwa kwa ajili ya mahindi, kilimo ambacho wenyeji hukiita hatsake. Baada ya misimu michache shamba huchoka na shoka huhamia mbele. Magunia ya mkaa yamepangwa kando ya barabara ziendazo mji wa Toliara. Hatumlaumu mama anayepika kwa mkaa mjini, kwani naye hana jiko jingine. Ombi letu: mikwaju yote mikubwa iliyobaki kandokando ya mito iorodheshwe na kuwekewa alama, na iwe marufuku kuigusa kwa shoka au moto. Mkaa wa mjini utokane na miti iliyopandwa kwa kazi hiyo, na majiko yanayotumia mkaa kidogo yauzwe kwa bei ambayo mama huyo anaimudu. Tunaomba pia kila kijiji kilicho jirani na msitu kisaidiwe kuwa na kitalu cha mikwaju.

2. Kuhusu ukame. Waheshimiwa, kalenda yetu imefungwa kwenye mvua. Tunapandana kati ya Aprili na Juni, na jike huwa tayari kwa saa chache tu. Mimba huchukua miezi minne na nusu hivi. Watoto huzaliwa Septemba na Oktoba, nchi ikiwa imekauka kabisa, ili mvua za mwisho wa mwaka zikishuka mama apate majani ya kuongeza maziwa, na mtoto aache kunyonya wakati chakula kipo kwa wingi. Mtoto hushikilia tumbo la mama kwa wiki mbili za mwanzo, kisha hupanda mgongoni. Mvua zikikosa kuja, mpango huu wote huvunjika. Wakati wa ukame wa 1991 na 1992 kule Beza Mahafaly, ilifika hatua ambapo katika kila watoto kumi waliozaliwa, wanane walikufa kabla ya kutimiza mwaka. Mama zao nao walikufa wengi kuliko kawaida. Miaka ya 2020 na 2021 ukame mkali kuliko wote wa miaka arobaini uliipiga Kusini, na njaa ambayo wenyeji huiita kere ikawafikia watu zaidi ya milioni moja. Tuliwaona binadamu wakija kwenye mkwaju uleule, na taarifa zikasema kwamba familia nyingine zilikula udongo mweupe uliochanganywa na ukwaju. Siku hizo hatukuwa na neno la kumlalamikia mtu. Ombi letu: chakula cha msaada kiwafikie majirani zetu mapema, kabla hawajauza mbuzi na kabla hawajaingia msituni, kwa kuwa njaa yao na yetu hutokea mlango mmoja. Mipango ya serikali ya kukabiliana na ukame iutaje msitu wa kandokando ya mito kama ghala la akiba, kwa watu na kwa wanyama, na vyanzo vya maji vilivyomo vilindwe.

3. Kuhusu ndugu zetu waliofungwa majumbani. Sheria ya nchi hii kuhusu uwindaji na ulinzi wa wanyama ilitiwa saini mwaka 1960, na lemuri amekatazwa kuwindwa na kufugwa nyumbani. Pamoja na hayo, utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulikadiria kwamba kati ya 2010 na 2013 pekee, lemuri wa aina mbalimbali zaidi ya 28,000 walifugwa katika nyumba na maeneo ya biashara humu nchini. Sisi mkia-pete tumo kwa wingi katika hesabu hiyo, kwa sababu tunakaa makundi, tunashuka chini na tunaonekana mchana. Mtoto huchukuliwa akiwa bado ananyonya, na mara nyingi mama huuawa ili apatikane. Hufungwa kamba kiunoni, hulishwa wali na mkate, huwekwa uani mwa hoteli ili wageni wapige naye picha. Akifikia balehe huanza kuuma, na hapo mapenzi ya mwenye nyumba huisha. Tunaomba mfikirie pia upweke wake: sisi hukaa pamoja kumi, kumi na tano, hata zaidi ya ishirini, na usiku hulala tumekumbatiana kama shada la ndizi. Ombi letu: sheria iliyopo itumike kama ilivyoandikwa, ikianza na hoteli na mikahawa kabla ya kufika kwa maskini. Kituo cha kuwapokea lemuri waliookolewa kilichoko Reniala, kaskazini mwa Toliara, kisaidiwe, na vingine vya namna hiyo vijengwe katika mikoa ya Kusini, ili askari anayemkamata lemuri awe na mahali pa kumpeleka. Wengi wameachwa mikononi mwa wamiliki wao kwa sababu tu hakukuwa na pa kuwaweka.

4. Kuhusu magendo ya nje. Mwezi Mei 2024 polisi wa Thailand walikamata shehena iliyokuwa na lemuri 48, wakiwemo wa aina yetu, pamoja na kobe zaidi ya 1,000 kutoka nchi hii. Mwishoni mwa mwaka huo serikali mbili zilishirikiana, na walionusurika wakarudishwa nyumbani kwa ndege. Tulifurahi kupita kiasi, tunaishukuru serikali yetu na ya Thailand. Furaha ilipotulia tukajiuliza swali moja: wanyama zaidi ya elfu moja walitokaje nchini bila kuonekana? Sisi tuna sauti inayosikika hadi kilomita moja. Ombi letu: pwani ya Kusini na Magharibi, ambako mashua huondoka usiku, iwekewe doria ya kudumu. Maofisa wa forodha wafundishwe kututambua hata tukiwa ndani ya magunia. Tena mkondo wote ufuatiliwe hadi kwa mnunuzi na mfadhili, maana kijana anayetega kamba msituni ndiye anayelipwa kidogo kuliko wote na ndiye anayefungwa peke yake.

5. Kuhusu mwiko. Wazee wetu, hapa tunazungumza nanyi kwa unyenyekevu wa pekee. Katika vijiji vingi vya Wamahafaly na Waantandroy, kumla lemuri ni fady, yaani mwiko uliorithiwa kwa mababu. Mwiko huo umetulinda kuliko bunduki ya askari yeyote, na haukuwahi kuigharimu serikali hata senti. Sasa unalegea. Watu wanahama kwa sababu ya ukame na kwa sababu ya kutafuta riziki. Baada ya yakuti kugunduliwa Ilakaka mwaka 1998, kijiji kidogo karibu na Isalo kilifurika watu kutoka kila pembe ya nchi, wengi wao wakiwa hawana mwiko huo. Waswahili wana msemo kwamba mwenye njaa hana miiko, nasi tumeushuhudia ukweli wake. Ombi letu: wazee wapewe nafasi na heshima ya kuwaeleza wageni fady za mahali wanapofikia, na mikataba ya vijiji iitwayo dina iitambue miiko hiyo kwa maandishi. Na kwa yule ambaye mababu zake hawakumkataza, tunaomba apatiwe kuku na samaki kwa bei nafuu.

6. Kuhusu chakula kigeni na mbwa. Katika hifadhi moja ya kusini palipandwa miti ya lusina kwa nia njema, ili majani yake yawe malisho ya ng'ombe. Majani yake yalikuwa mabichi wakati mengine yamekauka, nasi tukayala. Hatukujua kwamba yana sumu inayonyonyoa manyoya. Makundi yaliyokuwa yakila hapo yakabaki na mikia kama kamba na migongo mitupu. Waheshimiwa, mtoto wetu husafiri kwa kushika manyoya ya mama yake. Mama asiye na manyoya ana mahali gani pa kushikwa? Baadaye wataalamu walikitambua chanzo na miti hiyo ikaondolewa, nasi tunawashukuru waliosema na waliosikia. Shida nyingine ni ndizi za watalii, zinazotufundisha kuombaomba, na mbwa wa vijijini wanaotuvamia tunaposhuka chini. Kati ya lemuri wote sisi ndio tunaotembea ardhini zaidi, karibu theluthi moja ya muda wetu. Fosa, mwewe na chatu wa hapa tumewazoea tangu enzi, na tuna mlio wa hatari kwa adui wa angani na mwingine kwa adui wa ardhini. Ombi letu: mti wowote mgeni usipandwe jirani na msitu kabla ya mtaalamu kueleza utatufanyia nini. Kulisha lemuri kupigwe marufuku katika hifadhi zote, na mbwa wa vijiji vya jirani wachanjwe na wafungwe.

7. Kuhusu vipande vya misitu. Dume wetu akifika miaka mitatu hadi mitano huliaga kundi alimozaliwa na kwenda kuomba nafasi kwingine. Majike hubaki na mama zao. Hivyo ndivyo tunavyoepuka ndugu kuzaa na ndugu. Safari hiyo ina adabu zake. Dume akikutana na mpinzani husugua mkia wake kwenye tezi za vifundo vya mikono na za mabega hadi unuke, kisha huupeperusha juu ya kichwa kuelekea kwa mwenzake, na mara nyingi mmoja hukubali kushindwa bila damu kumwagika. Siku hizi dume anaondoka asubuhi akiwa na harufu yake tayari, anafika ukingoni mwa msitu, na mbele yake anakuta majani yaliyoungua kwa kilomita nyingi bila mti hata mmoja. Wengine hurudi. Wengine hujaribu kuvuka na hawaonekani tena. Ombi letu: panapowezekana, vipande vya misitu viunganishwe kwa shoroba za miti ya asili, kwanza kufuata kingo za mito. Mioto ya malisho iwekewe msimu na mipaka kwa makubaliano na wenye ng'ombe, ambao nao mifugo yao inahitaji kivuli.

8. Kuhusu hesabu yetu. Wananchi wa Madagaska walihesabiwa mwaka 2018, baada ya kusubiri tangu 1993. Sisi bado tunasubiri. Tafiti zilizochapishwa mwishoni mwa 2016 na mwanzoni mwa 2017 zilikadiria kwamba tumebaki porini kati ya 2,000 na 2,400, na kwamba tumepungua kwa asilimia 95 tangu mwaka 2000. Wataalamu wengine wakapinga, wakasema njia ya kuhesabu ilikuwa na kasoro na kwamba kuna maeneo mengi ambayo hayakufikiwa. Sisi hatuwezi kuamua kati ya wasomi. Tunachojua ni kwamba wengine wetu wako kwenye msitu wa miiba, wengine kandokando ya mito, wengine mapangoni, na wengine juu ya miamba ya Andringitra ambako manyoya yao yamekuwa mazito kwa baridi. Na kwamba mahali pengi palipokuwa na makundi zamani pamenyamaza. Shirika la uhifadhi la IUCN lilituweka katika orodha ya walio hatarini kutoweka mwaka 2014, na likarudia uamuzi huo 2020, mwaka uleule lilipotangaza kwamba kati ya aina 107 za lemuri, 103 zimo katika tishio. Ombi letu: ifanyike sensa kamili katika makazi yetu yote, ishirikishe vyuo vikuu vya hapa nchini na vijana wa vijijini wanaotujua kwa sura, na irudiwe kila baada ya miaka mitano. Huwezi kupanga bajeti ya jamaa usiojua idadi yao.

9. Kuhusu sura yetu machoni pa dunia. Mwaka 2005 Wamarekani walitoa filamu ya katuni iliyobeba jina la nchi hii. Ndani yake wametupa mfalme, tena dume. Tunapenda kuweka kumbukumbu sawa kwamba hatujawahi kuwa na mfalme, na kama tungekuwa na kiti hicho asingekikalia yeye. Hilo tumewasamehe. Linalotuumiza ni video ya mwaka 2016 iliyosambaa dunia nzima, ikimwonyesha lemuri mkia-pete akikunwa mgongo na vijana na kudai aongezewe kila wanapoacha. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba baada ya video hiyo, watu wengi zaidi waliandika mtandaoni kwamba wangependa kufuga lemuri. Mtazamaji hakuambiwa kwamba kukunana manyoya ni kazi ya ndugu zetu wa kundi, na kwamba mnyama anayeomba kukunwa na mtu huenda amekosa wenzake. Ombi letu: Wizara ya Utalii, waongoza watalii na wenye hoteli wakatazwe kutumia picha za lemuri aliyekaa begani au mkononi mwa mtu. Atakayetaka kututangaza atupige picha tukiwa mitini, kwa mbali, mikia ikiwa imening'inia.

10. Kuhusu majirani zetu. Malalamiko haya ya mwisho tunayaleta kwa niaba ya watu. Mwanakijiji anayeuacha mkwaju usimame anapoteza gunia la mkaa leo, na mara nyingi halipwi chochote kwa kuuacha. Hali inaweza kuwa tofauti, na mfano uko karibu. Karibu na Ambalavao wanakijiji wa Anja waliunda chama chao, Anja Miray, wakaulinda msitu mdogo chini ya miamba mikubwa ambako mamia ya ndugu zetu wanaishi. Kiingilio cha wageni hubaki kijijini na kusaidia elimu na vitalu vya miti. Mwaka 2012 walipewa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Lakini mwaka 2020 mipaka ilipofungwa kwa sababu ya korona, wageni walitoweka nchi nzima kwa siku moja, na ulinzi uliotegemea wageni ukabaki mikono mitupu. Ombi letu: vijiji vingine vya Kusini visaidiwe kufuata njia ya Anja, vikiwa na haki ya kisheria juu ya msitu vinaoulinda. Uanzishwe mfuko wa akiba utakaowalipa walinzi wa vijiji hata mwaka ambao hakuna mgeni anayekuja.

Waheshimiwa viongozi, kabla ya kumaliza tunatoa ahadi zetu, kwa maana si vyema anayeomba aje mikono mitupu. Tunaahidi kuendelea kumeza mbegu na kuzipanda bila kudai posho. Tunaahidi kuendelea kuleta wageni kwa kukaa tu juani. Kwa upande wenu, tunatambua kwamba mna shule, zahanati na barabara za kujenga, na kwamba fedha hazitoshi. Mengi tuliyoomba yameshaandikwa katika sheria zenu na yanasubiri kutekelezwa. Kama hamtaweza yote kwa mara moja, tunaomba muanze na namba moja.

Tunasema hivyo kwa sababu ya muda. Mkwaju ukipandwa kutokana na mbegu huchukua miaka mingi kuzaa, na miaka mingi zaidi kuwa mti wa kulaza kundi zima. Sisi porini ni wachache wanaofikia miaka ishirini. Mbegu zitakazotiwa kwenye vitalu kabla ya mvua za mwaka huu zitatoa matunda wakati mimi ninayewasomea nimeshazikwa na majani. Mjukuu wangu, huyu aliyeshikilia tumbo la mama yake pale kwenye tawi la chini, ana siku tisa tangu azaliwe. Yeye ndiye atakayeyapasua maganda ya ukwaju huo, akiwa na meno yake yote.

Kwa heshima na taadhima, naomba kuwasilisha.

Ni mimi,
Jike mkubwa wa kundi la ukingo wa mto,
kwa niaba ya makundi yote ya lemuri mkia-pete wa Kusini.